Mama anakwenda Ujerumani kumwona mjukuu: ni viza gani, na miezi 6 inawezekana?

Mtoto_wa_Kibosho

Habari za humu wakuu, na shikamooni kwa mnaostahili.

Dada yangu ni nesi, yuko Bremen, Ujerumani. Anatarajia kujifungua mwishoni mwa Februari, uzazi wake wa kwanza. Mama yuko Kibosho, ana miaka 63, hajawahi kupanda ndege. Dada anataka mama aende amlee na mtoto mpaka mtoto apate nguvu, kama miezi 6 hivi. Mama mdogo wetu aliwahi kwenda London kwa mwanawe, akakaa karibu miezi 6 na hakuna aliyemuuliza kitu. Kwa hiyo mama naye ameshajipangia hivyo hivyo, mpaka majirani wanajua.

Nimesoma mtandaoni nikakutana na viza A, viza C, viza D, nikachoka. Mama ni ipi? Na hiyo miezi 6 inawezekana?

Jingine ni hela. Mama hana mshahara. Ana kihamba cha kahawa na migomba, ng'ombe wawili, na kile tunachomtumia kwenye simu. Kuna jamaa hapa Moshi ameniambia hilo ni jambo dogo, anaweza kuingiza milioni 15 kwenye akaunti ya mama, tukatoa taarifa ya benki, halafu anachukua hela yake na sisi tunampa asante. Nimesita.

La mwisho: cheti cha kuzaliwa cha dada kina jina la mama la nyumbani, lakini NIDA na pasipoti aliyochukua juzi vina jina la ubatizo. Je, italeta shida?

Nesi_wa_Kaskazini

Hongereni kwa mgeni anayekuja. Nami niko huku, nilimleta mama mkwe.

Mwambie dada yako aanze leo kutafuta miadi kwenye ofisi ya wageni ya mji wake, achukue hati ya udhamini, ile Wajerumani wanayoiita Verpflichtungserklärung. Ada yake ni euro 29. Aende na mkataba wa kazi, slipu za mshahara za miezi ya karibuni na mkataba wa nyumba. Akishaisaini, gharama zote za mama akiwa huku ni juu yake, pamoja na matibabu na hata kurudishwa nyumbani, kwa hiyo asome kabla ya kusaini. Na itumwe Tanzania karatasi yenyewe, siyo picha ya WhatsApp. Miadi ndiyo inayochelewesha kuliko kitu kingine chochote.

Dogo_Posta

Mkuu njoo PM. Nina mtu ndani. Schengen siku 5 tu, unalipa ukishapata.

Mama_Fomu

Mtoto wa Kibosho, marahaba. Nimestaafu sasa, lakini nimejaza fomu hizi miaka mingi kwenye ofisi ya wakala wa safari hapa mjini Dar, tangu enzi ambazo huku kwetu hakuna aliyechukuliwa alama za vidole. Dogo Posta kaa hapo pembeni kidogo, nitakufikia.

Nianze na London, maana ndiyo inayowapoteza. Mama yako mdogo alikwenda na viza ya mgeni ya Uingereza, na ile kweli inaruhusu kukaa mpaka miezi 6. Uingereza haimo kwenye Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zenye viza moja ya pamoja, na haijawahi kuwamo. Ujerumani imo, pamoja na nchi nyingine 28, na sheria ya siku ni moja kwa zote. Mama akipata viza ya Ujerumani anaweza kupitia Amsterdam na kulala Paris, ila London na Dublin haiingii.

Herufi zisikutishe. A ni ya kubadilisha ndege bila kutoka uwanjani, na Mtanzania kwa kawaida haimhusu. D ni ya anayehamia: anayekwenda kusoma, kufanya kazi, kumfuata mume au mke. Anayekwenda kuwaona wanawe ni C, na C mwisho wake ni siku 90 ndani ya kila siku 180. Kwa hiyo miezi 6 haipo. Na usije ukaandika miezi 6 kwenye barua ya mwaliko ukidhani wao wenyewe watapunguza. Utakuwa umewaambia kwa maandishi kwamba familia haijui sheria au haina mpango wa kuifuata.

Mtu atakuja hapa aseme Ujerumani siku hizi inaruhusu kuwachukua wazazi moja kwa moja. Kipengele hicho kipo. Ni kwa wataalamu waliopata kibali chao cha kwanza cha ukaazi kuanzia tarehe 1 Machi 2024, na lazima waonyeshe wanaweza kumtunza mzazi pamoja na bima yake ya afya. Hiyo bima ndiyo inayowarudisha wengi nyuma. Na kama dada yako alipata kibali kabla ya hapo, hakimhusu.

Sasa niseme jambo ambalo nimeona likiwaumiza watu kuliko kunyimwa viza: kupata viza na kutojua kuisoma. Kwenye stika kuna vitu vitatu. Kuna tarehe ya kuanza na ya kuisha, kuna idadi ya kuingia, na kuna idadi ya siku za kukaa. Watu wanasoma tarehe ya kuisha tu, wanafunga pasipoti. Kumbe tarehe zile ni mlango, ni kipindi ambacho viza inaweza kutumika, na kawaida wanakiongezea siku 15 juu ya siku za kukaa ili ndege ikiahirishwa usipate taabu. Siku za kukaa ni ile namba nyingine, ndogo, iko peke yake.

Chukua mfano wa mama. Tuseme stika inasema kuanzia 1 Machi mpaka 13 Juni, siku 90. Akiingia tarehe 1 Machi, siku hiyo hiyo ni ya kwanza, hata kama ndege imetua saa tano usiku. Machi siku 31, Aprili 30, zimekuwa 61, zinabaki 29. Siku yake ya mwisho ni 29 Mei, na siku ya kuondoka nayo inahesabiwa. Aliyesoma 13 Juni peke yake atakata tiketi ya tarehe 12, awe amezidisha wiki mbili bila kujua, na hapo ni faini, pengine kupigwa marufuku kuingia, na viza ya pili aisahau. Zamani kulikuwa na muhuri uliofifia na askari aliyechoka, mtu akapita. Tangu Oktoba 2025 wameanza kufunga mfumo wao mpya mipakani, EES, unachukua sura na vidole na kuzihesabu siku wenyewe.

Na kwa sababu siku ni chache, usizipoteze. Uzazi wa kwanza una desturi ya kuchelewa. Mama akiwahi kufika tarehe 15 Februari akakaa anamwangalia dada yako tumbo, hizo siku zimekwenda. Mimi ningeomba kuanzia 1 Machi. Zile siku za ziada kwenye stika zinakuruhusu kusogeza safari mbele kidogo bila kupunguza hata siku moja ya kukaa.

Hela. Kimbia huyo jamaa wa milioni 15. Mtu anayeshika faili la mama anatazama akaunti ambayo miezi yote ina elfu themanini, laki na nusu, halafu Jumanne moja inaingia milioni 15 taslimu. Ameshaona za namna hiyo mpaka anazijua kwa rangi. Halafu hazihitajiki! Hati ya udhamini ya dada yako ndiyo inayojibu swali la hela. Swali linalobaki kwa mama ni moja tu: atarudi?

Na hapo mama ana majibu mazuri kuliko vijana wengi wenye mishahara. Ana kihamba. Najua vihamba vingi havina hati, basi pata barua ya serikali ya kijiji yenye muhuri ikieleza ukubwa wake na kwamba ni mali yake. Ana kahawa, kwa hiyo ana stakabadhi za AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Zitafute, hata za msimu uliopita na wa juzi yake. Kama baba yupo, cheti cha ndoa. Kama kuna wajukuu anaoishi nao, sema. Kisha andika barua ya ukurasa mmoja, kwa Kiingereza au Kijerumani: anakwenda kumwona binti yake anayetarajia kujifungua, anaingia 1 Machi, anatoka kabla ya 29 Mei, na kahawa Kilimanjaro huanza kuvunwa katikati ya mwaka na yeye ndiye msimamizi. Tarehe za barua, za tiketi, za bima na za mwaliko ziwe zile zile. Nimeona faili lina karatasi hamsini na kila moja ina tarehe yake.

Tiketi weka oda tu, usilipe kabla ya kupata viza. Bima ya safari lazima iwe ya angalau euro 30,000 na iwe halali nchi zote za Schengen, igharimie dharura, kulazwa na kusafirishwa nyumbani. Kwa umri wa mama bei inapanda kidogo. Kama ana presha au sukari soma yale maandishi madogo, maana bima nyingi hazigusi ugonjwa aliokwenda nao. Abebe dawa zake za kutosha na cheti cha daktari.

Majina. Hili ndilo lingenitia wasiwasi zaidi kuliko hela. Cheti cha kuzaliwa cha dada ndicho kinachothibitisha kwamba huyu ni mama yake, na kama jina siyo la kwenye pasipoti, kwa yule afisa hao ni wanawake wawili tofauti. Nendeni kwa wakili mkale kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, kiambatanishwe na cheti pamoja na tafsiri. Kifanyeni kabla ya kuwasilisha. Ukisubiri wakuulize, wengi hawaulizi, wanakataa.

Muda: maombi hayapokelewi zaidi ya miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Uamuzi ni siku 15, lakini sheria inawaruhusu kufika 45 kama wanataka kuchunguza. Kwa safari ya Machi mimi ningekuwa nimeshawasilisha mwanzoni mwa Januari, na miadi ningeitafuta mapema zaidi. Ada ni euro 90, inalipwa kwa shilingi, na hairudi hata ukinyimwa. Pasipoti yake ni mpya, kwa hiyo lile sharti la pasipoti kubaki hai angalau miezi 3 baada ya kutoka Schengen halimsumbui. Ubalozi wa Ujerumani uko Umoja House, lakini namna ya kupata miadi na mahali pa kuwasilisha fuata tovuti yao wenyewe, siyo mtu wa barazani.

Lazima mama aje Dar mwenyewe, kwa ajili ya vidole. Na hapa nikuambie kitu ambacho hakipo kwenye tovuti: mama wa shamba vidole vyake vimesagika. Nimewashuhudia wamama wa migombani wanaweka kidole, mashine inakataa, wanaweka tena, wanaanza kutetemeka wakidhani wamenyimwa. Hawajanyimwa. Wiki moja kabla apake mafuta mikono kila usiku, apumzike na jembe, na siku yenyewe asiwe na haraka. Vikichukuliwa vinatumika miezi 59, safari ya pili hatasumbuliwa.

Wakimwuliza maswali, usimkaririshe. Mwanamke wa miaka 63 aliyekaririshwa anaonekana dakika ya kwanza. Anajua anakwenda kwa nani, mtoto atazaliwa lini, atarudi lini na nani atabaki na ng'ombe. Amwambie afisa hivyo hivyo kwa Kiswahili.

Sasa Dogo Posta. "Unalipa ukishapata" ni biashara nzuri sana, kwako. Unapokea watu mia, unawajazia fomu ambayo ni bure kwenye mtandao, wale ambao wangepata kwa sifa zao wanakulipa, waliobaki unawaambia mtu wako wa ndani amehamishwa. Na ukimpachikia mmoja karatasi ya kughushi, kumbukumbu ya kukataliwa kwake inakaa kwenye mfumo wa viza miaka 5, nchi zote 29 wanaiona. Wewe umeshabadilisha laini.

Dogo_Posta

Mama shikamoo. Mimi sighushi, mimi ni kusaidia watu tu.

Mama_Fomu

Marahaba mwanangu. Huyo mtu wa ndani anaitwa nani?

Mtoto_wa_Kibosho

Mama, asante sana, nimeisoma nikamsomea na mama kwa simu. Kiapo tunakwenda kwa wakili Jumatatu. Kuhusu vidole amecheka sana, anasema vyake vimeliwa na kahawa. Baba yupo, ila anasema yeye ng'ombe hawezi kuwakatia majani siku 90.

Dada ameuliza swali. Kwa kuwa mama mdogo bado ana watoto London, je, siku 90 zikikaribia, mama akivuka London wiki mbili halafu akarudi Bremen, hesabu haianzi upya? Rafiki zake wamemwambia inaanza.

Mama_Fomu

Haianzi. Hao rafiki zake wanachanganya na nchi nyingine. Kwanza, London atahitaji viza ya Uingereza, maombi mengine, ada nyingine. Pili, kama stika imeandikwa kuingia mara moja, yaani 01, siku anayotoka Schengen viza imekufa, hata kama ametumia siku 10 tu. Tatu, hata kama ni ya kuingia mara nyingi, wao hawahesabu kutoka ulipoingia. Kila siku unayosimama pale mpakani wanarudi nyuma siku 180 na kuuliza ndani ya hizo umekuwa kwetu siku ngapi. Akimaliza 90 tarehe 29 Mei, siku ya kwanza ya kuingia tena na 90 kamili ni 28 Agosti. Anaweza kurudi nyumbani akavune kahawa, akaomba tena, na kwa kuwa mara ya kwanza alitoka kwa wakati, faili lake la pili litakuwa jepesi.

Kuongezewa siku akiwa kule kupo kwa mambo mazito tu: kulazwa hospitali, vita, mambo ya ndege kusimama. Mtoto kuzoea kubebwa na bibi siyo sababu, ingawa mimi ningeikubali.

Nesi_wa_Kaskazini

Naongezea hapo. Na wakinyimwa, wasikae wanasubiri ile barua ya kulalamika ubalozini iliyokuwepo zamani. Ujerumani imeiondoa tangu 1 Julai 2025. Kilichobaki ni kwenda mahakamani Berlin au kuomba upya na karatasi zilizorekebishwa. Fomu ya kukataliwa ina sababu zenye alama ya tiki, isomeni vizuri kabla ya kuomba tena.

Baba_Amani_Kigoma

Samahani kwa kudandia uzi wa mwenzangu. Mke wangu ana pasipoti ya Kongo, mimi ya Tanzania. Tuna viza za Kanada, tunabadilisha ndege Frankfurt, hatutoki uwanjani. Nimesikia Mkongomani lazima awe na viza hata ya kukaa kwenye kiti cha uwanja. Kweli?

Mama_Fomu

Kweli, ndiyo ile A. Kongo ya Kinshasa iko kwenye orodha ya pamoja ya Schengen, pamoja na Ethiopia, Eritrea, Somalia, Nigeria, Ghana na nyingine. Lakini mwenye viza halali ya Kanada, Marekani au Japani ameondolewa kwenye sharti hilo, kwa hiyo mkeo anapita na viza yake ya Kanada. Mhakikishe tu tiketi ni moja mpaka mwisho na mizigo inaandikishwa mpaka Kanada. Mkinunua tiketi mbili tofauti mtalazimika kutoka kuchukua mabegi, na kutoka ni kuingia Schengen, hapo hata wewe utahitaji viza.

Mtoto_wa_Kibosho

Tumeelewa, tunaomba siku 90 kamili, kuingia mara moja, kupitia Amsterdam mpaka Bremen. Swali la mwisho kabisa na ni la mama mwenyewe: anataka kubeba ndizi mshare na nyama iliyokaushwa akampikie dada mtori. Watamzuia?

Mama_Fomu

Kwanza la Amsterdam: mlango wake wa kuingilia ndiyo huo huo, atakaguliwa Uholanzi ingawa viza ni ya Ujerumani, na yule askari ana haki ya kumwuliza upya. Nakala ya mwaliko, ya hati ya udhamini na ya bima, pamoja na namba ya simu ya dada, viwe kwenye mkoba wa mkononi. Visiwekwe kwenye begi linaloshuka chini. Omba shirika la ndege msaada wa kumsindikiza, wanaandika kwenye tiketi.

Sasa mtori. Nyama hapana, iwe mbichi, ya kukaushwa au ya kukaanga. Maziwa na jibini pia hapana, Ulaya hawapokei kwenye mizigo ya abiria kutoka kwetu. Ndizi ruksa! Matunda na mboga karibu zote zinadai cheti cha afya ya mimea, isipokuwa machache: ndizi, nanasi, nazi, tende na durian. Abebe mshare zake, mbichi, zisizo na udongo. Nyama ya ng'ombe dada atainunua Bremen, mwambie achukue yenye mfupa.